Spoila Bila Kutoboa

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimetoka kununua maziwa, nikamkuta Levis mlangoni mwa gereji yangu hapa Nakuru. Alikuwa ameegemea gari lake la buluu, injini ndogo, kelele kubwa. Mkononi alishika spoila pana kama meza ya kulia.

"Niaje fundi. Nifungie hii kwa buti. Lakini usitoboe bodi."

Vijana wa spoila nawadharau, sifichi. Barabara ya Njoro imejaa matuta na ng'ombe, naye anataka bawa la kuzuia gari lisipae. Lipae kwenda wapi? Lakini kazi ni kazi, na bila kutoboa inawezekana. Unapangusa mfuniko wa buti kwa spiriti, unabandika tepu yenye gundi pande zote mbili, unakandamiza. Mafuta yakibaki hata kidogo, gundi haishiki.

Na mafuta yalikuwepo. Msalaba mzima katikati ya mfuniko, unang'aa.

"Hiyo ni ya pastor," Levis alinong'ona. "Mwenye aliniuzia alisema hii gari iko na abiria haonekani. Mathe akaogopa, akaita pastor amfungie humo na mafuta ya maombi. Huwezi bandika kando?"

"Boss, mafuta ni mafuta. Ya upako, ya chapati, gundi haijui."

Akacheka kwa aibu, akavuka barabara kununua soda. Nikalowesha kitambaa. Nikapangusa.

Harufu ikaja... si ya spiriti. Ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Ko. Ko.

Ndani ya buti.

Nikafungua. Tairi la spea na jeki, basi. Nilijicheka, mtu mzima naogopa jeki. Nikafunga, nikainama kumalizia kipande cha msalaba kilichobaki.

Sauti ikatoka chini ya bati, karibu kabisa na sikio langu. Ya upole.

"Asante, fundi..."

Niliogopa, nakiri, jasho likanitoka. Lakini Levis alikuwa anarudi na soda yake, na ningemwambia nini? Kwamba sasa naamini ya mama yake? Nikabandika spoila, nikamwambia asikimbize gari mpaka kesho. Sikumwambia lingine.

Asubuhi mama yake alikuja na lile gari, halina hata mkwaruzo. Levis alikuwa amepatikana kando ya barabara ya Njoro, ameketi, macho wazi, haongei. Yuko hospitali. Daktari anasema ni mawazo mengi.

"Fundi, niambie ukweli," alisema polepole. "Yale mafuta ulipangusa?"

Mama wa kitambaa kichwani na Biblia kwapani, ananihoji mimi juu ya kazi yangu! Kiburi kikanipanda.

"Hapana, mathe. Nilibandika kando."

Akafumba macho. "Asante Yesu. Basi ni ugonjwa tu. Mimi narudi hospitali. Shantel atapeleka gari nyumbani Kabazi. Anaenda peke yake, lakini sasa sina wasiwasi."

Shantel, dada mdogo wa Levis, alikuwa tayari kwenye usukani. Alinipungia mkono, akatoka polepole, spoila imeshika sawasawa. Gari halikuwa limefika kwenye lami. Ningekimbia hatua ishirini tu ningelizuia.

Niliona aibu kukiri nimedanganya, nikaliacha liende.