Mume Wangu Alinipimisha Bunduki, Kumbe Nilishakufa

Mdomo wa bunduki ulikuwa umenielekea kifuani.

Kidole cha yule dada kiko kwenye triga. Machozi yanamtoka.

"Umesema unaitwa nani?"

"Yuliana."

"Muongo!! Yuliana alikufa!"

Jamani... mie nimesimama pale, napumua, naambiwa nimekufa.

Na cha ajabu sikuogopa. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Nikawa namwangalia tu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nawajua, mtaanza kukomenti kabla hamjaelewa.

Mie ni fundi cherehani, nakaa Kibamba. Marehemu baba alikuwa askari wa wanyamapori kule kusini. Alinifundisha kulenga tangu nikiwa msichana. Na mie ni mashoto, kila kitu nafanya kwa kushoto, mpaka mkasi.

Mume wangu Gervas ni Mngoni wa Songea. Jitu la watu, mabega kama kabati. Anapenda kuwinda ndege wa porini, kanga na kwale, kwa kibali chake kabisa. Ila kwenye nyumba ile, anayejua bunduki ni mie.

Siku moja akaniletea simu yake, imejaa picha za bunduki.

"Mke wangu, nichagulie shotigani ya ndege. Nyepesi, ile inayojipakia yenyewe."

"Wewe na mwili huo, nyepesi ya nini?"

"Kutwa nzima unatembea porini, si mchezo! Wewe chagua tu kama vile unajichagulia mwenyewe."

Mmesikia hapo? Kama vile unajichagulia mwenyewe!

Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu ilikuwa inakaribia. Moyo ukaniruka. Nikajua kimoyomoyo, hii ni zawadi yangu.

Tukaenda dukani. Nikashika ya kwanza, nyepesi kama ufagio. Nikairudisha.

"Mbona unairudisha, dada?" Jabiri muuzaji akauliza.

"Nyepesi kupita kiasi inapiga teke. Mtu atarudi na bega limevimba."

Nikaja kupata moja, geji ishirini, yaani tundu dogo kidogo, uzito wa wastani. Inatumia hewa ya mlipuko kujipakia risasi inayofuata, kwa hiyo teke lake linapungua. Unaibeba kutwa na bado unaipenda.

"Weka begani," Gervas akasema.

Nikaweka. Kitako, ule mti unaokaa begani, kikawa kirefu kwangu.

Akamwambia fundi wa duka akipunguze. Kikapunguzwa pale pale mpaka kikanikaa kama gauni la kushonesha. Msumeno uliteleza kidogo, ukaacha mkwaruzo kwa chini. Gervas akasema si kitu.

Ila kuna jambo moja lilinikera.

"Mume wangu, hii inatema maganda upande wa kulia. Mie mashoto, yatanipita usoni. Tuulize kama ipo ya kushoto."

"Hii hii inatosha."

"Inamtosha nani?"

Akacheka. Na mie nikacheka!! Mjinga gani mie jamani...

Akaniambia itabaki dukani mpaka kibali cha polisi kitoke. Nikasubiri. Siku yenyewe ikafika, nikaletewa doti ya kitenge. Nikasema asante, nikajipa moyo kwamba kibali bado.

Sasa Isack, kijana aliyefundishwa na baba, anasimamia uwanja wa kulengea shabaha huko nje ya Tegeta. Akanipigia simu.

"Dada Yuliana, nina msiba kwetu. Nishikie uwanja Jumamosi, nakuomba. Kuna mteja mmoja tu, ndiyo kwanza anajifunza."

Nikaenda.

Mteja akashuka kwenye bajaji. Dada mzuri, mpole, kimo changu. Akanisalimia vizuri, akasema anaitwa Loveness. Akafungua mkoba mrefu.

Nikaiona.

Kitako kile kile. Mkwaruzo wa msumeno pale pale.

Ganzi ilinianzia vidoleni, ikapanda taratibu.

"Nzuri," nikasema. "Kakuchagulia nani?"

"Mchumba wangu! Yaani dada, hajanipima hata siku moja, lakini ona inavyonikaa!"

Ilimkaa kweli. Mie ni fundi nguo, mabega nayajua. Bega lake na langu ni saizi moja.

"Mchumba wako anaitwa nani?"

"Gervas. Maskini, alifiwa na mkewe. Presha ilimchukua. Hatakagi hata kumuongelea, ila siku moja aliniambia marehemu alikuwa anawinda kuliko wanaume. Alikuwa mashoto."

"Jina la marehemu?"

"Yuliana. Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," nikasema.

Nyie mnauliza kwa nini sikumvaa pale pale? Sijui. Mdomo ulikuwa mzito. Mikono ikaendelea na kazi.

Nikamfundisha. Mguu wa kushoto mbele. Shavu likae kwenye mti. Usivute triga, iminye. Akalenga kopo, akakosa. Akarudia, akakosa.

"Dada, hebu nionyeshe wewe."

Nikachukua bunduki. Bila hata kufikiria, nikaiweka bega la kushoto.

Pwaa! Kopo likaruka. Ganda la moto likatoka kulia, likanibabua shavu.

Nikapakia tena, nikamrudishia. Akapiga moja, halafu akatulia, bunduki bado iko begani.

"Dada... wewe ni mashoto?"

"Ndiyo."

"Unaitwa nani?"

"Yuliana."

Akageuka mwili mzima, na bunduki ikageuka naye. Akaniuliza tena jina, kama mlivyosikia pale mwanzo.

Wanaoanza ndiyo kosa lao hilo. Mtu akishapiga moja, anadhani imeisha.

"Loveness," nikamwambia polepole, "hiyo inajipakia yenyewe. Ina nyingine ndani. Toa kidole kwanza. Mdomo chini. Halafu ndiyo tuongee."

Akaangalia mikono yake. Akapiga yowe, akashusha. Nikamsogelea, nikatoa risasi, nikahakikisha chemba, mle inamokaa risasi, haina kitu.

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Dada, alinionyesha mpaka picha yako ya zamani, imezungushiwa maua! Naapa sikujua!"

"Inuka, dada. Twende msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wangu."

Tukairudisha bunduki kwa Jabiri, tukaenda Kibamba.

Jirani yangu Mama Kalinga ni Mhehe wa Iringa. Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu walipopigana. Na nyie mnajua, msibani mtani anasema chochote, anafanya chochote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umedharau mila.

"Mama Kalinga, kuna msiba."

"Uwii! Nani tena?"

"Mie."

Akaangua kicheko. Kisha akaniangalia usoni, akamwangalia Loveness macho yamevimba. Kicheko kikaisha.

"Nani kasema umekufa?"

"Mtani wako." Tukamsimulia yote, mpaka habari ya bunduki.

Akakaza kitenge kiunoni.

"Sawa. Kama kafiwa, tukamlilie mtu wetu."

Jua halijazama, pameshakuwa na turubai, viti vya plastiki, na akina mama wa mtaa mzima. Wahehe wenzake nao wakaitana. Mie nikakaa sebuleni kwenye mkeka, nimejitanda kitenge, kile kile cha zawadi.

Gervas akafika na mfuko wa ndizi.

Mama Kalinga alikuwa getini amevaa koti la kuwindia la Gervas na kofia yake. Ufagio uko begani. Anatembea kwa madaha kama yeye.

"Jamani nyepesi hiiii! Mke wangu kanichagulia kabla hajafa!"

Watu hoi kwa kicheko.

"Mama Kalinga, kuna nini hapa? Acha utani!"

"Niuache vipi mtani, na msiba ni wako? Pole sana! Haya, tulieni! Mfiwa atusomee historia fupi ya marehemu. Mtani, aliugua nini?"

Gervas akaushika mfuko wa ndizi kwa mikono miwili.

Mzee Fransis, mjumbe wetu, kakaa kiti cha mbele, kakunja mikono.

"Sema, kijana," akasema. "Na sie tujue."

Gervas akaanza kufura. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Ah-ah! Mtani hakasirikiwi!" Wahehe wakaitikia kwa pamoja.

Loveness akatokea mlangoni.

"Si uliniambia presha, Gervas?"

Mfuko wa ndizi ukaanguka. Hakuna aliyeuokota.

Gervas akampita Loveness, akaingia ndani. Akanikuta kwenye mkeka. Akapiga magoti.

"Yuliana... mke wangu, ni shetani tu. Toka uwaambie hawa watu waondoke."

Nikamwangalia. Nilitafuta hasira ndani yangu nikaikosa. Nikatafuta hata chozi. Hamna.

"Yuliana, nijibu basi! Nakuomba, nijibu!"

Mama Kalinga akachungulia dirishani, kofia imemkaa upande.

"Mtani, umeona wapi maiti ikajibu?"

Nje wakacheka mpaka viti vikaanguka. Gervas akainamisha kichwa. Akatoka kwa mlango wa uani, na mpaka leo yuko kwa kaka yake.

Watani wamemtumia salamu, mfiwa haoi kabla ya arobaini! Loveness naye kamwambia hata baada ya arobaini asimtafute. Siku hizi anakuja kwangu kushonesha. Hatuongeagi sana.

Wanawake wenzangu, nisikilizeni. Mtu akikupimisha kitu, na wewe unaona kabisa hakikufai, usicheke. Muulize kinaenda begani kwa nani, na usiondoke hadi akujibu. Mie nililiuliza swali hilo hilo, nikaridhika na kicheko.

Gervas ananitumia meseji kila siku, anaomba kurudi. Nazisoma. Sijisikii chochote. Simjibu.

Ila pale shavuni, ganda liliponibabua, pameacha alama. Huwa napagusa nikiwa kwenye cherehani. Panauma kidogo, na nashukuru kwamba angalau hapo panauma.