Jina Lililogoma Kugeuka

Haya yalimpata rafiki yangu Tseng, karani wa makaburi huko Tainan, siku aliyokuwa amechoka hadi kope. Makaburi ya zamani yangehamishwa kesho yake, na marehemu asiyeitwa jina lake sawasawa hafuati mifupa yake. Majina yalichongwa kuanzia kulia, lakini kompyuta iliyosoma picha za mawe ilianzia kushoto, kwa hiyo yote yakatoka kinyumenyume. Tseng akaandika programu ndogo ya kuyageuza. Yakageuka yote, isipokuwa la bibi yake.

Baada ya chakula cha mchana ofisi ilishusha mapazia na kuzima taa, kama kawaida, watu walale.

"Tseng, lala," alisema bosi wake, Bi Hsu. "Hata giza hili lina waraka wake."

"Jina la bibi limegoma kugeuka, bosi."

"Basi nalo limelala. Liige."

Bi Hsu akalaza kichwa mezani, uso dirishani, kama wenzake wote. Tseng akaendesha programu tena. Nyuma yake viti vikalia, vyote kwa pamoja, kisha kimya. Kwenye kioo cha kompyuta jina la bibi lilikuwa limegeuka.

Taa zilipowaka, wote walikuwa bado usingizini, na kila uso ulikuwa umemwelekea yeye.