Kilemba Kilichobana Damu

Siku hiyo kijiji cha Mahurunga kilinukia pilau. Vania, binti wa Zulmira, anatolewa unyagoni. Ngoma inadunda, vigelegele juu!

Zulmira alikuwa ndani, ametoka hospitali juzi tu. Mkanda wa mashine ya kusaga ulinasa nywele zake, ukamchuna kichwa. Daktari akageuza kipande cha ngozi ya kichwa ya pembeni, akafunika kidonda, akashona. Ila hapo juu ya sikio hakukikata kipande. Kilibaki kimeshikamana na kichwa.

"Mama mwali atoke kichwa wazi? Haiwezekani!" alifoka Telma, mama mkwe wake. Akamfunga kilemba. Akakaza. Akakaza tena.

"Mama, kinabana."

"Urembo ndo huo, mkwe wangu. Kacheze!"

Zulmira akacheza. Haikuchukua muda, kichwa kikamgonga, akashika ukuta. Felista, jirani yao, muuguzi wa zahanati, akamvuta ndani, akafungua kilemba.

Loo! Ngozi imekuwa zambarau.

Zulmira akaangua kilio. "Imekufa? Nitabaki na fuvu wazi?"

"Bado, dada. Tulia." Felista akaonyesha juu ya sikio. "Mishipa inayokilisha kipande hiki inapita hapa. Daktari aliacha makusudi. Nyie mmekaza fundo papo hapo. Ukikanyaga mpira wa maji, bustani itakunywa nini?"

"Mimi nikajua kimeshonwa, basi!" Telma akashika kifua.

"Bibi, uzi unashikilia tu. Damu ndo chakula."

Felista akapiga picha, akamtumia daktari. Jibu likaja: "Mleteni sasa hivi. Msifunge kitu."

Domingo, mume wa Zulmira, akaita bajaji. Ngoma wakaiacha inalia.

Mjini Mtwara daktari akaibonyeza ngozi taratibu. Ikawa nyeupe. Akaachia. Zulmira akabana pumzi.

"Inarudi nyekundu!" daktari akasema. "Damu inapita. Iko hai!"

Telma akapiga kigelegele hadi wagonjwa wakainuka vitandani. "Aliyekwambia hapa unyagoni nani?" nesi wa pale akacheka.

Tangu hapo Zulmira hakufunga chochote kichwani mpaka daktari aliporuhusu. Kidonda kikafunga. Halafu, jamani, nywele zikaota! Ngozi ya kichwa ikihamishwa, inahama na nywele zake.

Domingo akazikagua, kicheko kimembana. "Mke wangu, mbona hizi zimelala upande tofauti na zingine?"

"Ziache!" Zulmira akajishika kiuno. "Ziko hai. Zilale zinapotaka!"