Sikio Lililolala Njaa

Kwa miaka ishirini na minane ufunguo wa mashine ya kusaga ulining'inia kwenye msumari wa mlangoni. Sasa ulikuwa unakaa ndani ya soksi ya Mzee Unga, mguu wa kushoto. Ulimfinya kisigino kila alipokanyaga. Lakini aliona heri kisigino kiumie kuliko mtu auchukue.

Mzee Unga lilikuwa jina la utani. Kazi yake ilikuwa kuwasagia watu nafaka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga hata akitoka kuoga, na majirani walisema nyusi zile zimezeeka kabla ya mwenyewe. Aliishi na mkewe, na binti yao ambaye alikuwa fundi cherehani, na mtoto wa binti huyo, msichana wa miaka tisa. Cherehani ilikaa barazani. Mashine ya kusaga ilikuwa ng'ambo ya ua, kwenye banda la mabati.

Shaka yake ilianza mwaka mmoja nyuma, na minong'ono.

Mkewe alikuwa mwanamke wa sauti. Zamani akikohoa jikoni, kuku walitoka mbio. Sasa Mzee Unga alimwona anachezesha midomo tu, na sauti inatoka kidogo, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Binti naye vivyo hivyo. Wanakaa barazani, vichwa vimekaribiana, wanasema. Yeye akitokea, wananyamaza.

"Mnasema nini?" aliuliza.

"Hamna kitu," mkewe alijibu.

Siku nyingine aliwakuta wanacheka mpaka binti anapangusa machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Mnacheka nini?"

"Hamna kitu, Baba."

Mtu mzima hachekei kisicho kitu. Mzee Unga alilijua hilo. Akakaa nalo moyoni.

Kisha zikaja simu. Binti anashona barazani, anasimama, anabonyeza simu yake. Jikoni, simu ya mama inawaka taa. Mama anasoma, anainua macho, anamtazama mumewe. Kati ya baraza na jikoni kuna hatua nane. Mzee Unga alizipima kwa miguu yake mwenyewe. Mtu gani anayemwandikia ujumbe mtu aliye hatua nane, kama hana la kuficha?

Lakini lililompeleka kwenye soksi lilikuwa lile aliloliona dirishani. Alikuwa chumbani anatafuta shati. Akawaona mama na binti wamesimama uani. Binti alinyoosha kidole kuelekea bandani. Kisha akazungusha mkono, kama mtu anayefunga kufuli. Kisha akapitisha kiganja juu ya kifundo cha mkono wake, kama kisu. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Banda. Kufuli. Kukata.

"Kumbe," alijiambia Mzee Unga. "Wanataka kufunga mashine yangu, kisha waikate vipande wagawane. Kikulacho ki nguoni mwako." Siku hiyo hiyo aliutoa ufunguo msumarini.

Akaanza kuwapeleleza. Baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye kiti, akawapa mgongo, akajifanya amesinzia. Alitega sikio. Hakupata kitu ila mvumo, kama maji yanayopita kwenye bomba la mbali. "Wamenishtukia," aliwaza. "Wamezidi kunong'ona."

Hakujua kwamba wakati ule mjukuu wake alisimama nyuma ya kiti na daftari mkononi. Mtoto alisema, "Babu, nisomee hesabu hii." Akasema mara mbili. Mara ya tatu hakusema. Alikwenda zake taratibu, daftari amelikumbatia kifuani. Mzee Unga alipogeuka alimwona anaingia ndani bila kumtazama.

"Hata mtoto wamempanga," alisema moyoni. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Jioni mkewe alimwita kutoka jikoni aje kula. Hakwenda. Mkewe akaja na mwiko mkononi, akasimama mbele yake.

"Nimekuita mpaka koo limekauka."

"Hukuniita."

"Sikukuita? Muuza mkaa akikuita kutoka ng'ambo ya barabara, unasikia. Mke wako yuko ndani ya nyumba, humsikii. Hilo sikio lako linachagua watu?"

"Muuza mkaa hanong'oni."

"Nani ananong'ona?"

"Mnajijua wenyewe."

Mkewe aliushusha mwiko. "Mwanaume huyu amenichoka," aliwaza, na machozi yakamlengalenga. Akarudi jikoni. Chakula kilipoa kwenye sahani.

Wiki moja ilipita hivyo. Watu wanne, nyumba moja, na kila mmoja anamchungulia mwenzake kama mwizi.

Siku ya Jumamosi wateja walikuwa wengi bandani. Walipanga ndoo zao mstari mmoja. Mzee Unga aliwasha mota, akaweka kiganja juu ya mwili wa mashine. Zamani aliijua mashine yake kwa sauti. Ikila vizuri, inanguruma. Ikikosa nafaka, inalia. Lakini siku hizi aliisikiliza kwa kiganja. Alijiambia huo ndio ufundi wa mtu mzoefu.

Alimimina mahindi. Baada ya muda kidogo aliona jambo la ajabu. Mwanamke wa kwanza kwenye mstari aliziba masikio. Wa pili naye akaziba. Wakatazamana. Mmoja alimnyooshea kidole na kusema neno.

"Na hawa nao wamejiunga," aliwaza Mzee Unga. Akawapa mgongo. Akainama karibu na mkanda unaozungusha mashine, akijifanya anakagua.

Mashine ilikuwa inapiga yowe. Beringi inayobeba mhimili ilikuwa kavu, haina grisi, na ilitoa ukelele mwembamba wa kupasua kichwa. Watu wote waliusikia, hata walioko barabarani. Mkanda ulianza kutoa moshi. Mjukuu alikuwa amemletea Babu chai. Aliita, "Babu, toka hapo. Babu." Babu hakugeuka. Mtoto aliitupa chupa ya chai chini, akamkamata shati kwa mikono miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote.

Mzee Unga alirudi nyuma hatua mbili, amekasirika, tayari kumkaripia. Papo hapo mkanda ukakatika. Ulichapa ukuta wa bati pale pale kilipokuwa kichwa chake. Bati likabonyea.

Mtu mmoja alikimbia akazima swichi. Mzee Unga alitazama lile bati. Kisha alimtazama mtoto. Mikono ya mtoto ilikuwa bado haijaachia shati.

Mmoja wa wateja alikuwa nesi wa zahanati ya mtaa, mwanamke mnene asiyependa haraka. Aliweka ndoo yake chini. Alimsogelea Mzee Unga kwa mbele, akamgusa bega, akasubiri mpaka macho yao yakakutana.

"Mzee wangu, hukuisikia?"

"Kusikia nini?"

"Mashine. Ilikuwa inalia tangu niko barabarani."

"Mashine yangu haijalia."

Nesi hakubishana. Alizunguka nyuma yake, akaenda hatua tano, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, kuna nyoka mguuni pako."

Mwanamke mmoja alipanda juu ya gunia. Mwingine aliangusha ndoo. Mjukuu alitazama chini. Mzee Unga aliendelea kupangusa unga kwenye mikono yake, polepole, kama mtu asiye na haraka duniani.

Hapakuwa na nyoka. Nesi akarudi mbele. "Twende nyumbani kwako tukakae," alisema. "Na mke wako awepo."

Walikaa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Binti aliacha cherehani, akaja.

"Sitaki kusemwa mbele ya watu," alisema Mzee Unga. "Hawa wananisema kila siku. Wanataka kufunga banda langu na kukata mashine wagawane. Nimewaona kwa macho yangu."

"Kukata mashine?" mkewe aliuliza. "Nani anagawana mashine? Mimi nitapikia kipande cha mashine?"

"Nilikuona dirishani, wewe na binti yako." Akafanya vile vile alivyoona. Akanyoosha kidole bandani, akazungusha kufuli, akapitisha kiganja juu ya kifundo cha mkono.

Binti akainamisha kichwa. Akasema, "Ni kweli, Baba. Nilisema."

"Mnasikia?"

"Nilisema banda lifungwe kabla mashine haijakukata mkono. Mara mbili nimekuona unaingiza mkono karibu na mkanda, nikipiga kelele husikii. Niliogopa kukwambia. Ningekwambia ungesema nataka mali yako."

"Ningesema hivyo," alikubali Mzee Unga. Akapumua. "Kwa hiyo mlikuwa mnanisema kweli. Sikuwa nimechanganyikiwa."

"Hukuchanganyikiwa," alisema nesi. "Lakini husikii vizuri. Kelele ya mashine kwa miaka ishirini na minane imekula masikio yako. Haiyali siku moja. Inayala kidogo kidogo, wala hayaumi, ndiyo maana mtu hajui. Na sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Sauti ya mwanamke, ya mtoto, ya beringi. Sauti nzito hubaki."

Mke wa Mzee Unga akashika shavu. "Muuza mkaa," alisema.

"Ana sauti gani?"

"Kama ngoma."

"Basi ndiyo hiyo. Mume wako hakukudharau. Na wewe, Mzee wangu, hawakunong'ona. Walisema kama siku zote. Kwako ikafika minong'ono."

Mzee Unga alitazama mikono yake. "Na hizo simu?"

"Nilichoka kumpigia Mama kelele kutoka barazani, cherehani inavuma," alisema binti. "Nilikuwa namwandikia alete uzi. Na siku nyingine nilimwandikia kwamba leo umeamka na hasira, akuache upumzike."

Nesi alicheka kidogo. "Watu husema sikio halilali njaa. La mzee wetu limelala njaa mwaka mzima. Akiuliza, mnamwambia hamna kitu. Sasa sikio lenye njaa hujipikia lenyewe, na likijipikia halipiki kizuri."

"Kila siku tulimwambia hivyo," alisema mkewe kwa sauti ndogo. Kisha akakumbuka, akamgeukia mumewe, akarudia neno moja moja.

Nesi akawaeleza la kufanya. "Kabla hujasema naye, mguse au mpungie mkono, akutazame. Kaa palipo na mwanga, aone midomo yako. Redio izimwe. Aseme mtu mmoja mmoja. Msimpigie kelele, kelele huharibu maneno. Semeni polepole, na asiposikia, msirudie neno lile lile mara kumi. Tafuteni neno jingine."

"Na mimi?" aliuliza Mzee Unga.

"Wewe ukikosa kusikia, sema hujasikia. Usitikise kichwa kama mtu aliyesikia. Jumatatu njoo zahanati nitazame ndani. Masikio unayasafisha kwa kitu gani?"

"Njiti ya kiberiti."

"Njiti ni ya jiko. Sikioni usiingize kitu. Unausukuma uchafu ndani, na unaweza kutoboa ngoma ya sikio."

Jumatatu alikwenda, na mkewe akamsindikiza. Nesi alikuta nta ngumu imeziba sikio la kulia. Alimpa dawa ya matone ya kuilainisha, na baada ya siku tano akaitoa. Sikio lilifunguka kidogo. Kisha wakatumwa hospitali kubwa. Huko Mzee Unga alivalishwa vipokea sauti, akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Vipindi vingine alikaa muda mrefu bila kuinua mkono, na mkewe aliyekuwa pembeni akamwona mpimaji anabonyeza kitufe cha mlio kila mara. Alimshika goti.

Daktari alisema wazi: kilicholiwa na kelele hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa na kusaidiwa. Alipewa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Siku ya kwanza kilimkera. Vijiko vilipiga kelele, kuku walipiga kelele, hata shati lake lilipiga kelele. Alizoea taratibu. Bandani alikivua, akavaa vizibo vinene vya masikioni, na binti akapewa kazi ya kukagua grisi kila asubuhi. Mkanda mpya ulizungushiwa wavu wa chuma. Wateja waliwekewa kamba mlangoni, wasimame nje, mahali kelele inapopungua.

Lakini ufunguo ulibaki kwenye soksi. Shaka iliyokaa mwaka mzima haihami siku moja.

Ikafika Jumapili. Walikuwa mezani wanakula mchana. Mzee Unga alikuwa amekivua kifaa, kinamwasha sikio. Mjukuu alisema neno, mama na bibi wakaangua kicheko.

Mzee Unga aliacha kula. "Mnacheka nini?"

"Hamna ki..." mkewe alianza. Akanyamaza. Alisimama, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mwanga ukampiga usoni. Alimgusa mkono mumewe.

"Mjukuu wako anasema, siku ukinyeshewa mvua, nyusi zako zitaumuka kama mkate."

Mzee Unga alimtazama mtoto. Mtoto alijificha nyuma ya kikombe. Mzee akagusa nyusi zake, akatazama unga kwenye vidole. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hayo ndiyo mliyokuwa mnanificha?"

"Ndiyo hayo hayo," alisema mkewe. "Mengi yalikuwa upuuzi mtupu."

"Basi upuuzi wangu nipeni. Msininyime tena."

Akainama chini ya meza. Walidhani ameangusha kijiko. Alivua soksi ya mguu wa kushoto, akatoa ufunguo, akaupangusa kwenye suruali. Alikwenda nao mlangoni, akautundika kwenye msumari wake.

Kisha akamwambia mjukuu, "Lete lile daftari la hesabu. Kaa hapa mbele yangu."

Kisiginoni palikuwa na alama nyekundu ya umbo la ufunguo. Ilikaa siku mbili, ikafutika.