Vidole Viwili vya Maji

Kila siku ya shule, mimi na mdogo wangu tulivuka ziwa pamoja na baba. Baba alikuwa mvushaji. Boti yake ilikuwa ya makasia, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Sisi tulikaa mbele, juu ya magunia ya abiria, tukiwa tumepakata mabegi yetu yasilowe. Mdogo wangu tulimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha shati la mteja kwenye meza ya cherehani ya mama. Mama alikisubiri siku mbili, akakiosha kwa sabuni, akakishona mahali pake. Mwenye shati hakuambiwa kitu.

Mwaka uliopita mama aliugua ghafla alfajiri. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Baba alimlaza ndani ya boti, akapiga makasia mpaka viganja vikachubuka na kutoka damu. Walifika jua likiwa la utosi, na mama hakurudi nyumbani tena. Baba hakutusimulia zaidi ya hapo, nasi hatukumuuliza.

Tangu siku ile baba alitaka kitu kimoja tu: boti ya injini. Alidunduliza mwaka mzima, na mwishowe akauza cherehani ya mama. Ilichukuliwa nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta alama nne sakafuni, pale miguu yake ilipokuwa imesimama miaka yote. Kifungo aliegesha kigari chake cha kopo juu ya alama moja, nikamfokea mpaka akalia. Kisha nikalia na mimi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa fundi wa boti. Watu walimwita Fundi Taratibu, maana alizungumza polepole kama mtu anayehesabu misumari.

"Shikamoo, fundi," nilimsalimu.

"Marahaba, binti. Leo umemleta baba kununua?"

Alikuwa na boti tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba. "Hii inakimbia," alisema fundi, "lakini abiria mmoja akipiga chafya, wote mnaoga." Ya pili ilikuwa nyeupe, ndogo, ikielea majini tayari. Ya tatu ilikuwa pana, ya mbao, imewekwa nchi kavu juu ya magogo. Nilipoiona ya tatu nilisimama. Ilikuwa ya kijani. Ilikuwa kijani kilekile cha gauni la mama, lile alilojishonea mwenyewe, ambalo bado lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha baba.

"Hii inapendeza," baba alisema.

"Ndugu yangu, boti usiichague kwa macho. Ichague kwa makalio. Ingia, ukae, uyumbeyumbe."

Kifungo alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Baba aliingia, akakaa, akajitikisa huku na huku. Boti pana haikujali.

"Na injini?" aliuliza baba.

"Nguvu ya farasi kumi na tano inakutosha. Wapo vijana wanaofunga ya arobaini kwenye boti kama hii. Siku moja ubao wa nyuma utang'oka, injini iende zake na wao wabaki."

Kisha fundi akaeleza utaratibu wake. Boti ya mbao ikikaa sana nchi kavu, mbao husinyaa, na maji hupita kwenye maungio. Kwa hiyo hakuuza boti kabla haijakaa majini tangu asubuhi hadi alasiri, imejazwa magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria. Mtu wa nyumba ya mnunuzi hukaa ndani na kupima maji yanayoingia. Alinipa kijiti kilichopakwa chokaa.

"Kisimamishe hapa, penye kina. Maji yakipita vidole viwili, naitoa boti, naiziba upya, mnasubiri wiki mbili. Yakiwa chini ya hapo, ni yenu."

"Wiki mbili sina," baba alisema. "Ikivuja, nachukua ile nyeupe leo hii." Akanigeukia. "Mwanangu, nakuachia kazi hii. Mimi nina abiria wa kuvusha."

Boti ilishushwa majini na kupakiwa magunia, nami nikakaa ndani. Kufikia saa nne, maji yalikuwa kidole kimoja. Saa sita, viwili. Nilitazama ile boti nyeupe, nikajiona nikipanda humo kila siku, miaka yote. Nilipitisha mkono kwenye ubao wa kijani. Ulikuwa umepata joto la jua, kama bega la mtu.

Saa saba, vidole vitatu.

Fundi alikuwa mbali, anapiga randa. Nilichukua kikombe changu cha chai, nikachota maji na kuyamwaga ziwani, nikachota tena na kumwaga. Yaliyobaki niliyafuta kwa sweta langu la shule. Fundi alipokuja kuchungulia, aliona unyevu tu.

"Mbona sweta limelowa hivi?" baba aliuliza aliporudi.

"Lilianguka majini."

"Na boti?"

"Kidole kimoja, baba."

Alinishika kichwa, akatabasamu. Tangu mama afariki, sikuwa nimeliona tabasamu lile. Alikwenda kulipa na kufunga injini.

Jumapili tulifanya safari ya kwanza. Alikuwepo shangazi, dada yake baba, mikono imekumbatia mkoba wake mkubwa, pamoja na abiria watano. Makasia baba aliyaacha nyumbani. "Yapumzike," alisema, "yamefanya kazi ya punda." Injini iliunguruma, upepo ukatupiga usoni, Kifungo akapiga mayowe ya furaha.

Tulipofika katikati ya ziwa, shangazi aliinua miguu.

"Kaka, viatu vyangu vinaogelea."

"Ni mawimbi tu, dada."

Hayakuwa mawimbi. Maji yalipanda hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha yakafika magotini. Sehemu ya nyuma iliyobeba injini ilizama, injini ikakohoa, ikanyamaza. Makasia hayakuwepo. Tuliyachota maji kwa viatu, kwa kofia, na shangazi kwa mkoba wake. Baba alimpa Kifungo dumu tupu la mafuta na kumwambia, "Likumbatie. Hata nikikuita, usiliache." Wimbi likampiga, akaenda majini na dumu lake. Baba alijitupa nyuma yake.

Wavuvi waliokuwa jirani walituwahi, wakaikokota na boti hadi ufukoni. Wote tulitoka hai. Lakini Kifungo alikuwa amemeza maji mengi, akalazwa hospitali ileile ya ng'ambo, akipumua kwa kukwaruza kama msumeno butu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiushika mguu wake. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumatatu baba alikwenda kwa fundi, nami nikamfuata. Wateja wawili walikuwepo.

"Umeniuzia jeneza!" baba alipaza sauti. "Mwanangu yuko kitandani kwa sababu yako!"

"Pole sana, ndugu yangu," fundi alisema taratibu. "Lakini boti ilipimwa. Binti yako alikuwa ndani."

"Mwanangu hasemi uongo!"

Fundi alinitazama. Mkononi alikuwa na kile kijiti. Alikirudisha nyuma ya mgongo wake, akainamisha kichwa. Wale wateja walitazamana. Mmoja alidai malipo yake ya awali palepale. Kufikia Alhamisi, watoto waliopita njiani walikuwa wakiimba, "Fundi Tobo! Fundi Tobo!" naye alipiga randa peke yake, kama hasikii.

Nilishindwa kula. Kila nilipofumba macho nilisikia sauti ya baba: mwanangu hasemi uongo. Afadhali angenichapa.

Ijumaa baada ya shule nilikwenda kwa fundi. Nilisimama mlangoni muda mrefu.

"Fundi... maji yalikuwa vidole vitatu."

Aliweka randa chini. "Najua, binti." Akachukua kijiti rafuni. "Chokaa huoshwa pale maji yanapofika. Tazama, imeoshwa hadi hapa. Nilikiokota kati ya magunia ya mchanga jioni ile ya Jumapili, baada ya kusikia habari zenu. Ningekiona mapema, ningemkimbilia baba yako nimzuie."

"Mbona hukumwonyesha?"

Alikirudisha kijiti rafuni. "Baba yako alikuwa amekwisha kupoteza mke. Aliposema mwanangu hasemi uongo, nikaona hicho ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwake. Sikuweza kumnyang'anya mbele za watu. Na mimi pia nina kosa. Niliacha kazi ya mtu mzima kwa mtoto, nikachungulia tu badala ya kupima."

Nililia pale pale juu ya maranda ya mbao.

"Sasa nenda," alisema. "Mimi nimeshaambiwa. Yupo ambaye hajaambiwa."

Baba alikuwa bandarini na boti yake ya zamani ya makasia, abiria wakipanda. Nilitaka kumvuta pembeni, kisha nikakumbuka kwamba fundi hakuaibishwa pembeni.

"Baba, fundi hana kosa. Nilidanganya. Maji yalipita vidole viwili, nikayachota kwa kikombe."

Mzee mmoja, abiria aliyezoea kututania kila siku, alitazama miguu yake. Baba hakufoka. Aliketi kwenye ukingo wa boti, polepole, kama mtu aliyetua mzigo akagundua kwamba mgongo bado unauma.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ilikuwa rangi ya gauni la mama."

Alifunika uso kwa viganja vyake vigumu, na mabega yake yakatikisika. Abiria mmoja alishuka, kisha mwingine, wakatuacha.

Baadaye tulikwenda wote wawili kwa fundi. Baba alisimama nje, mahali ambapo kila mpita njia angemsikia, akasema kwa sauti ileile aliyomtukania, "Nilikukosea, ndugu yangu. Kosa lilitoka nyumbani kwangu. Nisamehe." Fundi alimkumbatia. Mteja mmoja alirudi wiki ile. Yule mwingine hakurudi kamwe, na kila nilipopita pale nilimkumbuka.

Fundi aliitoa boti majini na kuanza kuiziba upya. Ili afikie maungio yote, ilibidi akwangue rangi. Kila siku baada ya shule nilikwangua pamoja naye, na kijani kilianguka miguuni pangu vipande vipande. Rangi ile haikupatikana tena dukani. Tulipaka ya kahawia.

Siku ya mwisho ya kukwangua, baba alikuja kunichukua. Aliokota kipande cha rangi, akakigeuza vidoleni.

"Unadhani mimi sikuiona rangi hii?" alisema. "Kwa nini sikumuuliza fundi maswali mawili zaidi? Kwa nini niliacha makasia nyumbani? Moyo wangu ulikuwa umeshanunua. Tulinunua gauni, mwanangu. Hatukununua boti."

Niliokota kipande kingine.

"Nisikilize. Kumkumbuka mama si kosa, na mimi namkumbuka kila ninapokamata kasia. Lakini kitu kikibeba roho za watu, kinataka ukweli wote, hata ule unaotunyima tunachokipenda. Ungeniambia vidole vitatu, ningehuzunika siku moja. Uliponiambia kimoja, nusura nimzike mdogo wako. Siku nyingine ukiwa na jambo linalokuuma, niletee hilo jambo lenyewe. Usiniletee uongo badala yake."

"Ndiyo, baba."

Kifungo alitoka hospitali amekonda, lakini maneno yake yalikuwa yaleyale. "Mimi sizami," aliwatangazia wenzake. "Nimezaliwa kifungo."

Boti iliporudishwa majini, injini ikiwa imeshatengenezwa, niliomba nikae ndani tena. Safari hii fundi alikaa pamoja nami. Alasiri baba alikuja.

"Ngapi?"

"Kidole kimoja."

Alikichukua kijiti, akakitazama mwenyewe dhidi ya mwanga. Kisha akanirudishia. Lakini zamani baba hakuwa na haja ya kutazama, na jambo hilo liliniuma kuliko kofi.

Siku hizi injini yetu inavusha watu, na mtu akiugua anafika hospitali kabla chai haijapoa. Makasia yamo ndani ya boti daima. Kila asubuhi kabla ya safari napima maji na kumwambia baba. Mwanzoni alikikagua kijiti mwenyewe. Alifanya hivyo wiki nyingi. Sikulalamika.

Kisha asubuhi moja ya mvua nilisema, "Nusu kidole, baba." Alikuwa anampangia shangazi mahali pa kukaa. Hakugeuka kutazama kijiti. "Haya, twende," alisema, na akavuta kamba ya injini.

Nilikaa mbele, nikaupa uso wangu mvua, ili shangazi asijue kwamba nalia.