Maji ya Florentine

Jua lilikuwa linazama Mama aliponituma kuchota maji. Alisema niharakishe, giza la msituni halingojei mtu. Mdogo wangu Michée alichukua bidon ndogo ya maji akanifuata. Tangu nilipoacha shule yeye alikuwa mkia wangu, nikienda yupo, nikirudi yupo, akiniita yaya, yaani mkubwa wake.

Tulikuwa tumetoka Butembo kuja kuvuna kakao katika shamba letu ng'ambo ya Mangina, ndani ya msitu kabisa. Kakao ikishatolewa kwenye maganda, inatiwa masandukuni na kufunikwa kwa majani ya migomba mpaka ichachuke, na mwenye kuiacha peke yake anaikuta imebebwa na wezi. Kwa hiyo tulilala palepale, sisi wote wanne, chini ya bâche, turubai letu. Kwa Michée ilikuwa sikukuu. Aliramba ute mtamu wa kakao mpaka tumbo likamuuma, akamwambia Papa kwamba akikoroma tena wezi watadhani ni chui na watakimbia. Papa alicheka mpaka akakohoa.

Kijito kilikuwa chini ya mteremko. Tulipofika, mwanamke alikuwa ameketi juu ya jiwe, ametugeuzia mgongo. Kitenge kiunoni, mabega wazi. Nilidhani ni mtu wa mashamba ya jirani.

"Wasibire," alitusalimu kwa Kinande, bila kugeuka.

Niliitikia. Akaniomba nimmwagie maji mgongoni, mikono yake haifiki. Kwetu huwezi kumkatalia mtu mzima jambo kama hilo. Nilichota kwa kikombe, nikamwaga.

Ndipo harufu ikanijia. Si ya sabuni, wala ya matope.

Chlore...

Ile dawa waliyotupulizia kila mahali wakati wa Ebola, milangoni, viatuni, hata juu ya magodoro. Nilikuwa mdogo wakati ule, lakini pua haisahau.

Nikamwaga kikombe kingine. Maji yalishuka mgongoni kwake, yakadondoka kwenye jiwe. Nikamgusa.

Mgongo ulikuwa mkavu.

"Mutoto alishakula?" aliuliza polepole.

"Alishakula, mama."

"Muzuri. Yeye ndiye atanimalizia."

Nilipomtazama Michée, alikuwa amenyoosha mkono, anataka kile kikombe. Nilimshika kifundo cha mkono, nikamvuta, tukapanda mteremko tukikimbia. Bidon tuliziacha kulekule.

Nilimvuta Mama kando nikamweleza yote. Aliposikia neno chlore, alimwita Papa. Papa alikuja. Michée alikuwa kwenye moto akigeuza ndizi, nasi tulikuwa tunanong'ona nyuma ya masanduku ya kakao. Hapo ndipo nilipojua.

Mama alikuwa na mdogo wake, Florentine. Alikufa kwa Ebola, akamwacha mtoto mchanga wa kiume. Watu wenye nguo nyeupe walimpulizia dawa, wakamfunga ndani ya mfuko, wakamzika Mangina. Ilibidi iwe hivyo, kila mtu aliyemgusa angekufa. Lakini hakuna wa ukoo aliyemwosha. Kwetu maiti huoshwa na watu wake, na maji ya mwisho humwagwa na mtoto wake, hata kama mtoto ni mchanga, wanamshikia mkono. Florentine hakuyapata.

Na yule mtoto ni Michée. Mama alimchukua, akamlea kama wa tumbo lake.

Papa alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa mtoto aambiwe ukweli, na asubuhi wampeleke kijitoni akamwage hayo maji.

"Siku atajua, sitakuwa na mutoto tena," Mama alisema. "Donc hapana. Mwache aendelee kuniita Mama."

Tulisali rozari, kisha Mama akafunga ncha ya kitenge chake kwenye mkono wa Michée, mafundo mawili. Mtoto alicheka, akauliza kama yeye ni mbuzi.

Moto ulianza kufa. Wadudu walikuwa wanapiga kelele kama kawaida. Halafu wakanyamaza wote pamoja.

Shwaaa...

Maji. Mtu alikuwa anamwaga maji upande wa pili wa bâche.

Shwaaa... Tena, karibu zaidi. Harufu ikaingia, ikafunika ile harufu chachu ya kakao. Macho yaliniwasha.

Mama aliinua kichwa.

"Flore," alinong'ona. "Mimi mukubwa wako. Nitakuosha mimi. Niachie mutoto."

"Hapana weye," sauti ilijibu.

Mama aliuma mkono wake asilie. Papa alishika panga, lakini hakusimama. Hatukusikia kitu kingine. Namkumbuka Mama akimkumbatia Michée kwa mikono yote miwili, na sijui usingizi ulituchukua vipi, sote watatu.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mikono ya Mama ilikuwa imekumbatia hewa. Ncha ya kitenge ilikuwa chini, mafundo yamefunguliwa vizuri, bila kukatwa.

Mama alipiga ukelele mmoja, akatoka mbio, nasi nyuma yake.

Tulikutana na Michée katikati ya mteremko. Alikuwa anapanda peke yake, polepole, mikono ya shati imelowa mpaka mabegani. Hakuwa na jeraha. Mama alipiga magoti kwenye matope, akamkumbatia, akamshika uso, akamwita mwanangu, mwanangu.

Michée alimpangusa machozi kwa vidole vyake vilivyolowa.

"Hapana lia," alisema. "Hapana lia, Mama mukubwa."

Hivyo ndivyo kwetu mtoto anavyomwita dada mkubwa wa mama yake mzazi. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo hata siku moja.

Tulirudi Butembo na kakao ambayo haijakauka. Papa ameapa juu ya msalaba kwamba hakumwambia mtoto neno, na Mama anajaribu kumwamini. Kuna siku anamtazama Papa wakati wa kula, naona kwamba hawezi. Mimi sikumwambia mtoto. Michée mwenyewe, ukimuuliza, anasema tu kwamba ni yeye aliyefungua mafundo.

Ni mtoto mwenye adabu. Mama akimwita anakuja, akimpa chakula anashukuru. "Asante, Mama mukubwa." Mama anageuka haraka kuelekea jikoni.

Jana jioni Michée alinikuta nafua uani, akachuchumaa kando yangu. Aliuliza tutarudi shambani lini. Nilimwambia hatutarudi, Papa anatafuta mtu wa kulinunua.

"Lazima turudi, yaya," alisema. "Bado miguu ya mama yangu. Alisema akishaoshwa miguu, ataweza kutembea mbali, na tutaenda naye."