Vipande Viwili vya Gauni la Malkia

Siku ya punguzo duka la vitambaa lilijaa mpaka mlangoni, na viwiko vilikuwa vinaongea kuliko midomo. Pini, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alikuwa amelikumbatia jora la mahameli asije akanyang'anywa. Alivaa sketi ya bluu aliyoishona mwenyewe, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Dada, unataka damu ya mzee au zambarau?" sauti ikauliza nyuma yake.

"Damu ya mzee," akajibu, akiliangalia jora badala ya mtu.

"Basi litoe nje ulione. Taa za humu ndani ni waongo wakubwa."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono. Kabla Pini hajajibu, kijana alishalibeba jora begani. "Jamani, mgonjwa apite!" akapiga kelele. Watu wakapisha kweli. Pini akacheka mpaka akaziba mdomo.

Mlangoni, juani, mahameli yakang'aa damu ya mzee tupu.

"Umejuaje?"

"Macho haya ndiyo kazi yangu. Nafunga taa ukumbi wa maigizo."

"Ule wa ghorofa mbili?" Pini akanong'ona. "Mimi ndiye nimepewa gauni la malkia."

"Kumbe tuko nyumba moja, halafu tunakuja kujuana kwenye punguzo!"

Igizo lilikuwa la malkia wa nchi ya kubuni, nchi ya ngome na mashujaa wenye panga. Mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti kubwa waliyemwita Mama Jukwaa, alitaka gauni la enzi hizo: mikono mipana inayofika magotini, mgongo unaofungwa kwa kamba, sketi inayofagia sakafu. Hakuna aliyekuwa na kiolezo chake. Pini, aliyeacha shule darasa la tano na ambaye hata salamu aliitoa kwa shida, akajisikia akisema, "Nitachora mwenyewe."

Akaunganisha magazeti kwa gundi, akapiga magoti sakafuni, akachora. Akajaribu kwanza kwa shuka kuukuu, akapunguza kiuno, akaongeza kwapa. Kila mchana Fundi Taa alikuja na vikombe viwili vya chai.

"Hujambo, malkia wa magazeti?"

"Usinikanyagie mkono!"

"Mkono uko wapi? Naona matangazo ya magari tu."

Jioni alimpigia simu, hata kama walikuwa wameagana muda huohuo. "Nilitaka kusikia kama umefika." "Nimefika." "Haya, sema na jambo la pili." Na Pini, ambaye aliweza kuzungumza kwa muda na dada yake tu, akagundua kwamba mambo ya pili anayo mengi.

Sketi ilikuwa na vipande vinane, vyembamba kiunoni, vipana chini. Kitambaa hakikutosha. Pini akafanya alivyofanya miaka yote kwenye sare za shule na mapazia: vipande viwili akavigeuza kichwa chini, vikaingia katikati ya vingine bila kupoteza hata upana wa kidole. Akajisifu moyoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya mavazi, Mama Jukwaa alizunguka gauni mara tatu. "Hii ni kazi ya mtu aliyesoma!" akatangaza. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Pini alitamani kulia kwa furaha.

Kisha taa zikawaka. Upande wa kushoto wa malkia ukawa mweusi.

"Fundi Taa! Mbona unamchoma malkia wangu upande mmoja?"

"Naomba dakika moja, Mama."

Dakika ikawa siku tatu. Alibadilisha karatasi za rangi, akasogeza taa, akapanda na kushuka. Weusi haukutoka. Pini ndiye aliyemshikia ngazi. Siku ya pili, malkia alipopita karibu, Pini alipitisha kiganja kwenye sketi kuelekea chini. Kipande kimoja kililala laini. Cha pili kilikwaruza kiganja.

Manyoya ya mahameli. Alikuwa ameyageuza. Mwanga ukiyagonga yaliyolala unarudi, ukiyagonga yaliyosimama unamezwa.

Akafungua mdomo. Maneno "mtu aliyesoma" yakamrudia. Akarudi kushika ngazi.

Siku ya tatu Mama Jukwaa akamwambia Fundi Taa, "Kesho anakuja fundi mwingine. Wewe pumzika."

Fundi Taa hakubishana. Alikunja nyaya zake taratibu, akamgusa Pini shavu. "Labda nimezeeka macho, mpenzi." Pini akatikisa kichwa, akamsaidia kukunja waya wa mwisho.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia.

"Niko kliniki ya macho," akasema Fundi Taa, akijilazimisha kucheka. "Wameniwekea matone, sioni hata namba za simu. Nimembembeleza nesi anipigie. Kama ni ugonjwa, bora nijue mapema."

Pini alishaanza kuvaa viatu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mavazi, akalitungua gauni, akalikunja kwenye mfuko na kutoka karibu akikimbia.

Alimkuta kwenye benchi, macho mekundu, amekodoa.

"Nani? Pini?"

"Nipe mkono." Akauweka juu ya sketi. "Papasa kwenda chini. Haya, sasa hapa."

Vidole vikaenda, vikarudi, vikaenda tena. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa.

"Umekigeuza."

"Viwili."

"Umejua lini?"

"Juzi. Nikiwa nimeshika ngazi."

Akautoa mkono kwenye sketi.

"Juzi," akarudia. "Mimi jana nimekaa kitandani nafumba jicho moja moja, Pini. Nikijiuliza nitakula nini nikiwa kipofu."

"Niliona haya. Walisema nimesoma."

"Na mimi ulinionaje?"

 Pini akatoa simu, akampigia Mama Jukwaa, akaweka sauti ya juu.

"Uko wapi na gauni langu?" Mama Jukwaa akafoka.

"Mama, taa hazina kosa. Ni mimi. Vipande viwili nilikata kinyume. Nilijua, nikanyamaza."

"Nilimfukuza mtu na wewe umesimama pale unanitazama?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie arudi kesho. Wewe utafumua, uweke vipande vya kijani kwa kuwa damu ya mzee imekwisha, na igizo likianza utafute kazi kwingine. Sifanyi kazi na mtu anayeacha mwenzake aungue." Simu ikakatika.

Fundi Taa akasimama. "Nataka kwenda nyumbani."

"Huoni."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akamshika Pini mkono juu ya kiwiko, kama mtu anavyoshika nguzo. Barabarani magari hayakupungua. Pini akangoja, akasema "sasa," wakavuka hatua kwa hatua, hadi miguu ikapanda ukingo wa pili.

"Tumevuka," akasema, akangoja auachie mkono.

"Najua. Nimesikia ukingo."

"Basi..."

"Bado nina hasira, Pini. Sana."

"Najua."

Vidole vya Fundi Taa vikateremka kutoka kwenye kiwiko, vikatafuta kiganja cha Pini, vikakipata.

"Haya," akasema. "Tembea. Na usinyamaze."